Kanda ya Tina nimekutumia

Tanga

Mwanangu Rehema,

Juzi uliponiuliza kwenye simu, "Mama, miaka arobaini hii nianzie wapi?" nilikosa jibu. Usiku nikafungua sanduku la kanga, nikatoa kanda ya Tina Turner niliyoinunua mwaka 1985, wewe ukiwa bado tumboni.

Albamu yenyewe ni Private Dancer. Sisi vijana tulidhani ni mwimbaji mpya! Kumbe santuri zake zilikuwa sokoni tangu 1960, na albamu hii ilipotoka, mwaka 1984, alikuwa na miaka 44. Mwaka 1976 alimtoroka mumewe, Ike, aliyekuwa akimpiga. Walikuwa Dallas; mkononi alikuwa na senti 36 na kadi ya petroli. Talaka ilipokamilika mwaka 1978, karibu kila kitu alimwachia. Aling'ang'ania jina lake la jukwaani tu.

Hapo utulie kidogo, mama. Watu hupenda kuiruka miaka iliyofuata, kana kwamba alitoka Dallas akapitiliza kwenye tuzo za Grammy. Sivyo. Aliimba mahotelini na kwenye kumbi za Las Vegas, akilipa madeni, na kampuni za muziki zilimwona amekwisha. Mimi miaka hiyo ndiyo ninayoisikia kwenye kanda hii kuliko kitu kingine.

Sehemu kubwa ilirekodiwa London, haraka haraka, kwa watayarishaji tofauti. Ule wimbo uliofika namba moja Marekani, What's Love Got to Do with It, mwanzoni hakuutaka kabisa. Terry Britten, mmoja wa watunzi wake, ikabidi aurekebishe ufuate sauti ya Tina. Usikilize vizuri. Hapigi kelele. Anaimba chini chini, kwa ule mkwaruzo wake, kama mwanamke anayeongea jikoni akiwa amekwisha kuamua.

Kanda nimempa jirani anayekuja Dar Jumamosi, pamoja na redio ya marehemu baba yako. Nimeifunga kwenye kitenge. Upande wa pili unakoroma mwanzoni, vumilia, utatulia.

Halafu, nimesikia unatafuta mteja wa cherehani. Usiiuze, mwanangu. Hapa Ngamiani mpaka leo wanakuja kuniuliza, "Yule Rehema fundi atarudi lini?"

Mama yako