Viboko havifundishi hesabu

Mhariri,

Naandika kuhusu mjadala wa viboko shuleni, ambavyo Kenya ilivipiga marufuku mwaka 2001 lakini bado vina watetezi wengi. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha kwamba tendo linalofuatwa na tuzo hurudiwa, ilhali adhabu hulizima kwa muda tu. Mwanafunzi aliyechapwa kwa kukosea hesabu ubaoni hajui hesabu zaidi ya jana. Alichojifunza ni kuinamisha kichwa mwalimu akiuliza swali, na kesho hatanyoosha mkono hata kama jibu analo. Inauma kuona hivyo.

Vyuo vya ualimu viwazoeze walimu kumsifu mtoto palepale anapopatia, hata kama ni hatua moja tu ya hesabu, na walimu wakuu walifuatilie hilo madarasani.

Mzazi, Nakuru