Risala ya vibarua wa minofu ya samaki Igogo, Mwanza, kwa mgeni rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi, viongozi wa mtaa, wazee wetu, na mama zetu mlioacha meza za dagaa pale Mwaloni mkaja kutuunga mkono, shikamooni, na kazi iendelee.

Tunakushukuru kwa kufika, tena mapema, maana mgeni wa mwaka juzi tulimsubiri toka saa tatu mpaka wali ukapoa.

Historia yetu fupi tu, tulianza watu 11 tukichangiana nauli na rambirambi, leo tupo 63. Mafanikio ni makubwa mno: viti vya plastiki 40 (vitatu vina nyufa ila vinakalika), turubai moja na masufuria mawili ya shughuli. Tuishie hapo, hukutoka mbali kuja kuhesabu viti.

Mheshimiwa, tumeambiwa wewe ni kati ya wale wanaoitwa pale Rais anapotaka ushauri wa uchumi na migogoro ya kazi. Ndo maana tumekualika, hatufichi. Mei Mosi 2025 Rais alipotangaza kule Singida kwamba kima cha chini cha watumishi wa umma kinatoka 370,000 kwenda 500,000 tulikuwa tumejazana kibanda cha chipsi tunaangalia tivii, tukapiga makofi kweli kweli, mpaka mmoja akauliza sasa sisi tupo upande gani, makofi yakafa. Wivu na walimu na manesi hatuna. Sekta binafsi nayo ina viwango vyake, ila kiwango kinamfuata mtu aliyepo kwenye makaratasi na sisi hatupo.

Shida yetu ni hiyo karatasi tu. Tunachuna sangara toka alfajiri, buti zimejaa maji ya barafu, siku 25 kwa mwezi, na jina lako linaandikwa kwa makapeni kwenye kipande cha boksi getini. Mwenzetu kisu kilimpitia kidole, akafuatilia fidia, akaulizwa wewe ni mfanyakazi wa wapi, kwenda kutafuta lile boksi limelowa, halisomeki. Mwingine kila akikaribia miezi sita anaambiwa samaki wamepungua kapumzike, akirudi anahesabiwa mgeni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema ukishatimiza miezi sita kwa mwajiri yule yule, hata kwa mikataba zaidi ya mmoja, huwezi kuachishwa hivi hivi, na inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi kwa maandishi. Sawa, sasa hiyo miezi unaithibitisha na nini? Ukitaka kwenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, kulalamikia kuachishwa una siku 30, na siku 30 zenyewe zinaishia getini unaambiwa njoo kesho bosi hayupo.

Zamani Mwalimu alikuwa na mzee Kawawa, mtu aliyetoka kwenye uongozi wa vyama vya wafanyakazi akawa Waziri Mkuu 1962, kwa hiyo neno la mfanyakazi lilikuwa halipandi basi kwenda kumtafuta mkubwa. Siku hizi lipo baraza la ushauri wa mambo ya kazi na uchumi, LESCO, na wafanyakazi wanawakilishwa, lakini wanawakilishwa na vyama, na kibarua asiye na barua ya ajira chama kitamkata ada wapi?

Tunachoomba ni kimoja. Ukikaa tena na Rais, kabla hamjafika kwenye asilimia za kupandisha mishahara, mwambie viwanda vya samaki vya huku vikaguliwe, kila kibarua awe na barua yenye jina, tarehe ya kuanza na mhuri. Hatujaomba pikipiki wala mabati mwaka huu.

Mgeni aliyepita aliandika ombi hili hili kwenye daftari jeusi, akatuuliza mpaka herufi za majina, tukafurahi sana. Mwingine kabla yake aliondoka na risala yenyewe, hatujaiona tena. Ya leo tumeilamineti, na kabla ya chakula katibu atakuletea nakala mbili za kawaida usaini, moja ya kwako, moja inabaki kwetu.