Shukrani kwa dada wa taa nyekundu, Ersfjordbotn

Dada uliyetukuta ufukweni Ersfjordbotn, nje kidogo ya Tromsø, Norwei, jina hukutuachia, basi asante tunaitoa hadharani. Aurora, ile mianga ya rangi inayocheza angani usiku, ilikuwa imeshatanda juu ya milima ya theluji, na kamera yetu inatoa giza na ukungu tu. Mara betri nayo ikazima kwa baridi.

Ulituzimisha tochi nyeupe, ukawasha yako nyekundu isiyoumiza macho yaliyozoea giza. Betri ukaiweka mfuko wa ndani, karibu na mwili. Ilipopata joto ikawaka tena, maana baridi huipunguzia nguvu, haiimalizi. Miguu ya stendi ukaikandamiza thelujini hadi ikakita. Fokasi (ulengaji wa lenzi ili picha iwe kali) ya otomatiki haioni kitu gizani, kwa hiyo ukahamia ya mkono: ukakuza nyota moja kwenye skrini, ukazungusha pete ya lenzi taratibu mpaka nyota ikawa kinukta, ukaibana pete kwa utepe. Ukapanga ISO 1600 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/2.8 (tundu la lenzi likiwa wazi sana), na sekunde 8 za kupokea mwanga. Mapazia ya mwanga yalipoanza kukimbia ukashusha hadi sekunde 3, la sivyo yangetoka kama uji wa kijani. Kidole hutikisa kamera, ukaweka kipima muda cha sekunde 2.

Kubwa kuliko yote, kabla ya kuingia garini ulichomoa kadi ya picha, ukafunga kamera kwenye mfuko wa plastiki palepale nje, ili unyevu wa hewa ya joto utue juu ya mfuko, si kwenye lenzi. Hili hata wazoefu hulisahau.

Mnaokwenda huko, bebeni mfuko wa ziada kwa ajili ya jirani.