Mwanangu, kapigwe picha kabla hujapanda meli

Assalaam aleikum mwanangu,

Mamako ameniambia. Usimkasirikie, sikumbana, alikuwa akichambua mchicha, maneno yakamtoka. Kwamba kwenye kliniki ya mabaharia presha yako ilisoma 150 kwa 95, ukaambiwa ukae kitako upumzike, ikarudiwa mpaka ikashuka, wakakupigia muhuri. Nawe ukamwambia ni jua, ulitembea kwa miguu kutoka feri. Umezaliwa Likoni wewe. Jua la feri limeanza lini kukupandisha presha?

Nakuandikia kwa kuwa kwenye simu husema "sawa baba" kabla sijamaliza. Kabla hujakwea ndege Jumanne kuifuata meli, kapige altrasaundi ya figo. Unalala kitandani, unapakwa uteute wa baridi, robo saa umeshaondoka.

Daktari aliniambia ugonjwa huu wangu wa vifuko vya maji kwenye figo ni wa kurithi, na kila mtoto wangu ana nusu kwa nusu. Hesabu inaanza upya kwa kila mmoja. Dadako kapimwa hana. Hilo halikuongezei wala halikupunguzii. Nasikia shangazi zako wanasema basi atakuwa nao huyu wa kiume. Hawajui wasemalo. Lakini presha hubisha hodi mapema, figo zikiwa bado zinafanya kazi. Kwangu ilibisha miaka, nikawa naiita uchovu wa randa. Na babu yako, tumbo lilipomfura, tulimzungusha kwa waganga mpaka akatutoka.

Najua unaogopa nini. Unaogopa ikionekana meli itakuponyoka, baada ya jasho lote lile la chuo. Cheti chako nimekitilia fremu ya mvule, nimeipiga msasa kwa mkono wangu, kila mteja anayeingia karakana namwonyesha. Naitaka meli hiyo kama unavyoitaka wewe. Lakini katikati ya bahari hakuna feri ya kukurudisha. Kapige picha, ukishajua tutakaa tupange.

Halafu vile vidonge. Nilipokuwa natafuta ufunguo nimeviona kwenye begi lako: diklofenaki, karatasi mbili, moja nusu imeliwa. Mgongo unakuuma upande gani? Juu au chini ya mbavu? Vidonge hivyo na ibuprofeni huumiza figo, na mwenye presha ndiyo kabisa. Ukiumwa tumia panadoli, usipitishe kipimo, na useme unaumwa. Najua umejifunza wapi kumeza bila kusema. Aliyekuwa akitumwa duka la dawa na shilingi hamsini mkononi ni wewe, na aliyekuwa akikutuma ni mimi.

Kuna jambo nililowaficha. Mliniona nimepata figo ya mjomba wako, nimeachana na mashine ya kusafisha damu ya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, nimerudi kwenye mbao, mkadhani maumivu yamekwisha. Figo zile za zamani hawakuzitoa. Ya mjomba iko chini huku karibu na kinena, upande wa kulia, nikiweka kiganja naigusa. Zangu zimebaki palepale mgongoni. Moja ilipimwa urefu wa sentimita 24, na figo ya kawaida ya mtu mzima ni kama 11. Mwezi wa saba baada ya upasuaji niliamka usiku kama niliyechomwa patasi ubavuni. Mkojo ulikuwa rangi ya juisi ya ukwaju. Nikasema figo ya watu imekufa. Nilikaa chooni nimekumbatia ndoo mpaka adhana ya alfajiri, mamako sikumwamsha. Ningeanzaje? Watu wamechanga, mjomba wako kapasuliwa, halafu mimi niseme bado naumwa?

Nilivumilia siku mbili. Daktari alinigombeza vibaya sana. Kumbe ni kifuko kimoja kwenye figo kuukuu kilichovuja damu, ile mpya ilikuwa salama. Akasema aliyepandikizwa figo akisikia maumivu au homa halali nayo. Mpaka leo yanarudi, ila si kama zamani. Figo hizo kuukuu zinanywea polepole, mkanda sasa unafika tundu la tatu. Siku nyingine kikoi nakifunga chini ya kitovu kwa sababu juu hakuvumiliki, na ukiniuliza nasema joto.

Na ulininunia nilipoikataa figo yako. Nilikwambia bado u mdogo. Ungetaka kunipa, ingebidi upimwe kwanza, mwanangu. Jibu lile nililiogopa mimi kabla yako wewe.

Paa la jikoni limeanza tena kuvuja. Nitalipandia nikipata mtu wa kushika ngazi. Shangazi yako kaleta mabalungi kikapu kizima, nimeyagawa kwa majirani maana hupandisha kwenye damu ile dawa yangu ya kuzuia mwili usiikatae figo. Simu yangu inalia saa 2 asubuhi na saa 2 usiku, mpaka paka amejua ni wakati wa dawa. Karatasi za SHA, ile bima ya afya, nimezitia kwenye faili la kijani, juu ya kabati, ikiwa utazihitaji. Mamako amekufungia achari ya maembe chupa tatu. Chukua moja, chumvi yake ni nyingi, mwambie mimi ndiye niliyekukataza.

Wa picha niliyemuulizia yuko karibu na soko la Kongowea, anafungua saa 2, Jumapili hayupo. Kunywa maji mengi kabla, wanataka kibofu kimejaa. Pesa ziko ndani ya kisanduku cha randa ndogo, ufunguo anao mamako. Na ukitaka nije nikae kwenye benchi la nje, nitakuja. Tutavuka na feri ya saa 1.

Babako