Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: utafiti wa maumivu ya neva urudi Nairobi

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia wewe, si mwenzako wa Afya, kwa kuwa Hazina ya Kitaifa ya Utafiti iko chini ya wizara yako, na ninachoomba ni maabara.

Kakangu ni mhudumu wa bodaboda. Alipoanguka, kichwa kilivutwa huku na bega kule, na mizizi ya neva ziendazo mkononi ikang'oka kwenye uti wa mgongo. Vidonda vilifunga zamani. Mkono haushiki hata kikombe, lakini unamuunguza usiku kucha. Shati la mikono mirefu havai, maana kitambaa kikimgusa anaruka. Zahanati moja ilimwambia picha haionyeshi kitu, ikampa parasetamoli.

Hajisingizii. Tangu mwanasayansi wa neva Clifford Woolf achapishe matokeo yake mwaka 1983, inajulikana kwamba baada ya jeraha uti wa mgongo wenyewe hubadilika, ukaanza kukuza kila ishara inayoufikia. Nayo neva iliyoumia hujifyatulia ishara bila kuguswa, kupitia milango midogo kwenye utando wake inayopitisha chembe za sodiamu. Umuhimu wa mlango uitwao Nav1.7 ulidhihirika mwaka 2006, kwa familia za kaskazini mwa Pakistani zenye watoto waliozaliwa bila kuhisi maumivu kabisa, kwa kuwa mlango huo kwao haufanyi kazi. Mwaka 2025 Marekani iliidhinisha suzetrijini, dawa inayoziba mlango mwingine, Nav1.8, ila kwa maumivu ya muda mfupi tu. Walio kama kakangu bado wanangoja.

Linalonikera zaidi ni hili. Fuko asiye na manyoya, mchimbaji wa ardhi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia, hasikii mchomo wa asidi wala wa pilipili. Mwaka 2011 watafiti wa Berlin walieleza siri ya asidi: inaiziba Nav1.7 yake, ishara isisafiri. Ni kazi nzuri. Lakini mwaka 1990 Titus Kanui, mwanasayansi wa Nairobi, alikwisha kuchapisha na mtafiti mwenzake Kjell Hole utafiti wa morfini, dawa kali ya maumivu, kwa fuko huyuhuyu: haikuwatuliza maumivu, bali waligeuka wakali wakashambuliana. Tulikuwa mbele, Mheshimiwa!

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inaitaka serikali iipe Hazina hiyo asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Kiwango hicho hakijawahi kufikiwa. Naomba bajeti ijayo itenge fungu la utafiti wa maumivu sugu, na wataalamu wa fiziolojia wakae meza moja na madaktari wanaopokea majeruhi wa bodaboda. Vipande vya neva vinavyotolewa wakati wa upasuaji vichunguzwe, mgonjwa akiridhia, badala ya kutupwa. Jeni za maumivu zimechunguzwa zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Zetu nazo zisomwe, hapa, na wanafunzi wetu.

Kakangu amekubali kuwa wa kwanza kuchunguzwa.

Wako,
Dada wa mhudumu wa bodaboda, Machakos