Barua ya gitaa la marehemu mjomba

Ujiji, Kigoma
14 Desemba

Swahiba wangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Barua yako niliipata pamoja na salamu za mama, nami namwombea afya njema. Sisi hapa hatujambo. Mvua zimeshika na ziwa limechafuka, lakini kazi inakwenda. Nakuandikia kukueleza nilichokifanya kwenye gitaa la marehemu mjomba wako, kwa sababu uliniomba nibadilishe briji nzima, yaani kile kitako cha chuma kinachozishika nyuzi kwenye mwili wa gitaa, nami sikufanya hivyo, na ni haki yako kuijua sababu.

Ulinieleza kwamba uzi wa kwanza unakatika kila mara, kwamba uzi wa sita unavuma kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa, na kwamba solo ikipanda juu ya freti ya 12, katika vile vyuma vilivyokingama shingoni, sauti hazipatani tena. Nilipolegeza nyuzi na kuvikagua vile vikalio sita vinavyozibeba, nilikuta kila kimoja kimechimbwa mfereji, kwani uzi wa chuma husugua mahali unapokaa kila unapopigwa. Mfereji wa uzi wa sita ulikuwa umepanuka kuliko uzi wenyewe, hivyo uzi ulikuwa ukiyumba ndani yake badala ya kutulia, na huko ndiko kuvuma kwenyewe. Ule wa uzi wa kwanza ulikuwa mwembamba na kingo zake kali. Nilipopitisha ukucha uliparuzwa, na ndiyo maana uzi ulikuwa unakatika palepale siku zote. Juu ya vikalio vya upande wa besi, ule mng'ao wa fedha ulikuwa umekwisha, chuma cheusi kimejitokeza kwa upana wa ubavu wa kiganja. Hapo ndipo mjomba alipokuwa akilaza mkono wake wa kulia kuzizima nyuzi nene. Nilikaa nikaitazama alama ile kwa muda kabla ya kushika bisibisi.

Watu wa hapa watakuambia kwamba hewa ya ziwa ndiyo inayokula chuma. Lakini Tanganyika ni ziwa la maji baridi, na gitaa hili limekaa Tabora karibu maisha yake yote. Chumvi iliyozila skrubu zile ni ya jasho la mikono. Skrubu mbili za kupandisha na kushusha kikalio cha uzi wa tatu zilikuwa zimegandana kabisa. Nilizilowesha kwa mafuta ya taa usiku kucha bila mafanikio, kisha nikaazima kwa fundi redio jirani yangu kile chuma chake cha kulehemu, nikakigusisha kwenye kichwa cha skrubu hadi ikapata moto, na ilipopoa kutu ikaachia. Kwenye uzi wa nne nilikuta springi ya kalamu ya wino imekatwa na kuwekwa badala ya springi iliyopotea. Sijui ni mkono wa mjomba au wa fundi mwingine, ila ilikatwa kwa kipimo sahihi.

Sasa nifike kwenye briji nzima uliyoitaka. Gitaa hili limefuata umbo la Stratocaster, ambayo Fender waliitoa mwaka 1954 huko Marekani, na uzuri wa mpango ule ni kwamba kila uzi una kikalio chake kinachoweza kupandishwa, kushushwa, kusogezwa mbele au nyuma peke yake. Bamba la chini, skrubu sita zinazolishika kwenye mwili na lile bonge la chuma la ndani ni vizima. Vilivyochoka ni vikalio, skrubu zake na springi zake. Bonge lile zito linachangia katika mlio unaoujua wewe tangu utotoni, na briji nyingi za bei nafuu huja na bonge jembamba la madini laini. Kwa maoni yangu, kulitoa lile ili kuweka hili ni hasara, hata kama jipya linang'aa.

Kipimo ndicho kilichotuchelewesha. Kutoka katikati ya uzi wa kwanza hadi katikati ya uzi wa sita, pale kwenye briji, gitaa lako lina milimita 56, ambacho ni kipimo cha zamani. Magitaa mengi ya sasa yana 52 na ushei. Niliagiza kutoka duka moja la Dar es Salaam na kuwaandikia kipimo hicho waziwazi, wakaniletea vyembamba. Kama ningevifunga, vingeacha nafasi katikati na nyuzi zisingepita juu ya sumaku za pikapu, yaani kile kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi. Nilivirudisha, tukapoteza wiki tatu. Seti ya pili ndiyo hii, ya bamba la chuma lililokunjwa kama vile vya zamani. Skrubu zake ni za kipimo cha inchi na zinafunguliwa kwa spana ndogo ya milimita 1.27 yenye umbo la herufi L, ambayo nimeifunga kwenye kitambaa ndani ya kasha. Tafadhali usitumie nyingine, maana inayopwaya kidogo tu itayala matundu.

Kwa kuwa uso wa shingo umejipinda, vikalio navyo vilipaswa kufuata mpindo huohuo. Nilichora kwa bikari tao la nusu kipenyo cha milimita 184 kwenye kipande cha manila, nikalikata, nikaliweka juu ya nyuzi na kuvipandisha vikalio mpaka kila uzi ukaligusa. Kwenye freti ya 17 uzi wa kwanza uko milimita 1.6 juu ya freti, na wa sita milimita 2.

Kazi iliyonichukua jioni nzima ilikuwa kupatanisha sauti. Unagusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 upate ule mlio wa kengele, kisha unaubana palepale. Mlio wa kubana ukiwa juu kuliko wa kengele, unakirudisha kikalio nyuma, mbali na shingo, na ukiwa chini unakileta mbele. Nilirudia hivyo kwa kila uzi, nikivuta nyuzi upya kila baada ya kusogeza. Solo ya dansi hukaa huko juu, na Tabora, mji uliolea bendi za Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, una masikio ambayo hayadanganyiki. Nimefunga nyuzi za unene wa 10 hadi 46, kwa hesabu ya sehemu za elfu za inchi. Ukipendelea nene kama za mjomba, niambie kwanza, kwa sababu vikalio vitalazimika kupangwa upya.

Ukimaliza kupiga, futa nyuzi na vikalio kwa kitambaa kikavu, na kila baada ya miezi michache tia skrubu tone moja la mafuta ya cherehani. Vikalio vya zamani sikuvitupa. Vimo vyote sita kwenye kikopo, pamoja na springi ya kalamu, na mama ndiye wa kuamua vikae wapi.

Gitaa litakuja kwa treni Alhamisi, mikononi mwa mdogo wangu. Likifika liache kashani mpaka jioni lizoee joto la huko, kisha vuta nyuzi na ujaribu uzi wa tatu kwenye freti ya 12. Huo ndio ulionisumbua kuliko yote, na jibu lako kuhusu huo nalisubiri kwa hamu.

Wako akupendaye,
Swahiba wako wa Ujiji