Risala ya Klabu ya Sayansi na Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazazi, Likoni

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, mwenyekiti wa bodi, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, asalaam aleikum na Bwana asifiwe.

Tunajua foleni ya feri ilivyo siku ya Jumamosi. Kuacha shughuli zako kisiwani ukavuka kuja kwetu ni heshima ambayo shule hii haitaisahau. Wazee husema mgeni njoo mwenyeji apone, nasi tumekungoja kwa hamu hiyo.

Klabu yetu ilianzishwa baada ya Serikali kupiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017. Tulianza kwa kuokota taka katika ufuo wa Shelly. Tangu hapo tumepiga hatua kubwa mno. Tumeng'ara katika maonyesho ya sayansi, tumewafundisha jirani zetu kutenganisha taka, na tumetengeneza plastiki yetu wenyewe kwa wanga wa muhogo, siki na glisarini. Kipande chake kiko mezani, mheshimiwa, ukubwa wa kiganja, na tunakukaribisha ukiguse.

Sasa tumeingia katika kazi nzito zaidi: plastiki inayotokana na sukari. Hatuzungumzii sukari ya chai, maana hiyo wazazi wetu wanaijua bei yake. Tunazungumzia molasi, ile wanayolishwa ng'ombe, na maembe yanayooza katika soko la Kongowea msimu ukifika, na mabibo yanayoachwa chini ya mikorosho ya Kwale na Kilifi korosho zikishang'olewa. Utamu wote huo unapotea bure. Plastiki ya sukari ikinyang'anya watu chakula haina faida kwetu, ndiyo maana tumeanza na kinachotupwa.

Zipo njia kadhaa. Brazil, tangu mwaka 2010, kiwanda kikubwa kinageuza spiriti ya miwa kuwa polithini. Ni jambo la maana kwa sababu haitumii mafuta ya petroli, lakini polithini hiyo ikitupwa baharini haiozi, sawa na ile ya zamani. Njia ya pili ni ya bakteria wanaokula sukari na kujiwekea akiba ya plastiki ndani ya miili yao, kama ngamia anavyoweka mafuta nunduni. Mfaransa Maurice Lemoigne aliigundua plastiki hiyo mwaka 1926. Viumbe vidogo vya udongoni na vya baharini huweza kuila, na kwa mji uliozungukwa na maji kama Mombasa, hiyo ndiyo ndoto yetu ya baadaye.

Njia tuliyoishika ni ya tatu. Bakteria wa jamii ya wale wanaogandisha maziwa huigeuza sukari kuwa asidi ya laktiki, na asidi hiyo ikiunganishwa huwa plastiki iitwayo PLA. Tunasema wazi kwamba PLA nayo haiyeyuki ufuoni. Inahitaji mboji yenye joto la nyuzi kama 60 ili ioze vizuri, kwa hivyo lazima ikusanywe. Lakini ndiyo inayofundishika kwa hatua, na hatua za kwanza tumezifaulu. Tumechachusha molasi, tumeongeza chokaa kupunguza ukali, na tumepata chembe nyeupe za kalsiamu laktati. Hizo pia ziko mezani, ndani ya chupa.

Mheshimiwa, hapo ndipo tulipokwama, na hapa tunaomba utusikilize kwa makini.

Ili kuitoa asidi katika chembe hizo huhitajika asidi ya salfa. Mwalimu wetu amekataa katakata tuitumie darasani, penye madawati ya watoto wa kidato cha kwanza, na yuko sahihi. Hatuna chumba chenye kabati la kuvutia mvuke, hatuna sinki, hatuna hata mfereji karibu. Uchachushaji nao unataka joto la nyuzi kama 40 usiku na mchana. Stima ikipotea, bakteria hupoa na kazi hudorora. Isitoshe, kila tani ya asidi ya laktiki inayopatikana kwa njia hii huacha takriban tani nzima ya jasi, yaani masalio meupe kama chaki. Viwanda vya saruji hutumia jasi, nasi tungependa kupima kama yetu ingewafaa badala ya kuitupa. Yote hayo ni kazi ya maabara.

Maabara hiyo si ombi jipya. Mgeni wetu mmoja wa siku kama ya leo aliahidi kuijenga. Tulimpigia makofi, tukamwimbia, jiwe la msingi likawekwa. Yakaletwa mawe na kokoto. Mvua za masika zimezibeba kokoto, na mawe yamefunikwa na majani nyuma ya jiko. Mgeni aliyemfuata alipiga picha pale pale, akasema subirini bajeti ijayo. Bajeti imekuja na kupita. Wenzetu walioandika risala ile ya kwanza wamemaliza shule bila kuona hata ukuta mmoja. Hatumlaumu mtu mbele ya wageni, mheshimiwa, lakini tungekuwa tunakuficha kama tusingekwambia kwamba wazazi waliokaa hapa wanakumbuka.

Kwa hivyo hatuombi ahadi. Tunaomba chumba kimoja chenye maji, kabati la mvuke, stima yenye betri za akiba, na pipa la kuchachushia la lita 50 lenye kidhibiti joto. Mabasi, jezi na vikombe vya michezo tumeviacha kando makusudi, ili ombi hili lisipotee katikati ya mengine. Kama haliwezekani lote, tujengewe chumba kwanza. Kama haliwezekani kabisa, tunaomba tuambiwe leo, ili bodi iitishe harambee kabla muhula haujaisha.

Michoro na makadirio ya gharama yamo katika bahasha iliyo mbele yako. Ukurasa wa mwisho una nafasi ya tarehe ya kuanza ujenzi, na nafasi ya sahihi yako.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wanachama wa Klabu ya Sayansi na Mazingira.